Kongamano lako la kwanza la waandishi Uganda: kuanzia maandalizi hadi barua ya mwisho

Kongamano la waandishi humfaa zaidi mtu aliyefika na kazi fupi iliyokamilika, iliyochapwa kwenye karatasi, ambayo anaweza kuisoma au kumkabidhi mtu wakati wowote. Wengi wanaokwenda mara ya kwanza huhangaikia nauli na nguo, kisha wanaingia ukumbini Kampala na riwaya ya kurasa 300 ndani ya simu, hawana hata ukurasa mmoja wa kumpa mtu. Siku tatu zinakwisha, picha wamepiga tele, na hakuna aliyesoma sentensi yao hata moja.

Juni 1962, waandishi wa Afrika walipokutana Makerere, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa bado mwanafunzi wa chuo hichohicho, akijulikana kwa jina la James Ngugi. Muswada alikuwa nao, akampa Chinua Achebe ausome, na mwaka 1964 riwaya ile ikachapishwa. Lakini mkutano huohuo uliitishwa kwa ajili ya wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mwandishi mkubwa wa Kiswahili aliyefariki mwezi uleule, hakualikwa. Yote mawili yanamhusu anayeandika Kiswahili nchini Uganda leo. Kazi yako iwe tayari mkononi, na ujue kwamba mikutano mingi ya Kampala bado huendeshwa kwa Kiingereza, hivyo nafasi ya Kiswahili utaitafuta mwenyewe kwa kujiandaa vizuri kuliko wenzako.

Jua kwanza ni mkutano wa aina gani

Ipo mikutano ya wanataaluma, kama ile ya CHAKAMA (Chama cha Kiswahili cha Afrika Mashariki) inayozunguka nchi za ukanda huu. Huko hutakiwa kutuma ikisiri, yaani muhtasari wa makala, kwa kawaida maneno 200 hadi 300, miezi kadhaa kabla. Ukikubaliwa unapewa dakika 15 au 20 za kuwasilisha makala, halafu maswali. Ni mahali pazuri pa kusikia wahakiki, ila ukienda na hadithi yako ukitarajia isomwe, utarudi nayo.

Ipo mikutano ya waandishi wabunifu, ambayo taasisi kama FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, na African Writers Trust zimekuwa zikiiandaa Kampala. Huko ndiko kuna warsha, majopo, usomaji wa jioni na mazungumzo na wahariri. Na yapo maadhimisho, hasa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Mwaka 2023 yale ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalifanyika Kampala. Katika maadhimisho hotuba huwa nyingi, na nafasi za kughani mashairi hugawiwa mapema kupitia vyama na walimu wa Kiswahili, kwa hiyo usisubiri siku yenyewe ndipo uombe.

Kabla ya kulipa chochote, mpigie mratibu umuulize ada inagharimia nini: chakula cha mchana, malazi, au kiti tu? Je, warsha inahitaji kutuma kazi mapema, na mwisho wa kutuma ni lini? Kuna nafasi ya kusoma kwa Kiswahili? Uliza pia kama kuna ufadhili wa wanaotoka mbali, kwa sababu mara nyingi upo lakini hautangazwi kwa sauti kubwa. Mratibu wa kweli hujibu maswali haya kwa dakika tano. Ukiambiwa utume ada kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na mkutano hauna ratiba, hauna ukumbi unaojulikana wala mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria, acha kwanza.

Mkutano ukitangazwa kwa Kiswahili, hakikisha saa. Bango likisema "saa 9:00" bila kusema asubuhi au alasiri, wako watakaofika saa tatu asubuhi na wako watakaofika saa tisa alasiri, kila mmoja akiamini yuko sawa.

Walimu ni wengi miongoni mwa waandishi wa Kiswahili Uganda, na makongamano hupenda kuangukia katikati ya muhula. Omba barua ya mwaliko yenye tarehe na saini mapema, umpelekee mwalimu mkuu wiki tatu kabla, pamoja na jina la atakayeshika vipindi vyako. Barua ikifika juzi na wewe unataka kuondoka kesho, kukataliwa si ajabu.

Kama hujawahi kusoma kazi yako mbele ya watu, usianzie kongamanoni. Klabu ya wasomaji na waandishi ya FEMRITE, pale Kamwokya kwenye Barabara ya Kira, hukutana Jumatatu jioni. Piga simu kwanza uhakikishe, kisha uende ukasikilize watu wanavyotoa maoni.

Karatasi za kuandaa

Anza wiki nne kabla. Chagua kazi moja tu: hadithi fupi, sura moja ya riwaya inayosimama yenyewe, au mashairi matatu. Ihariri mpaka uchoke nayo, halafu mpe mtu anayejua Kiswahili aisome kwa sauti huku wewe umeshika kalamu. Popote anapojikwaa, weka alama. Sentensi inayomkwaza msomaji mmoja sebuleni itamkwaza na mhariri.

Chapa kwa herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo la sentimita 2.5 pande zote, upande mmoja wa karatasi ya A4. Juu ya kila ukurasa weka jina lako, namba ya simu, jina la kazi na namba ya ukurasa, maana karatasi hutawanyika na mhariri anayeokota ukurasa wa 4 lazima ajue ni wa nani. Zima usahihishaji wa moja kwa moja kwenye kompyuta. Programu iliyowekwa Kiingereza hubadilisha maneno ya Kiswahili bila kukuuliza, na makosa hayo huonekana kama yako. Kagua kila ng' kama ritifaa yake ipo: ng'ombe, ng'ambo, kung'oa. Mhariri wa Kiswahili huyaona hayo kabla ya kuiona hadithi.

Toa nakala kumi. Nyuma ya nakala tano, au kwenye karatasi ya pili, weka tafsiri ya Kiingereza ya aya mbili za kwanza au ya shairi moja. Huko si kukisaliti Kiswahili. Kampala utakaa mezani na mtu anayeandika Kiluganda, mwingine Kiacholi, mwingine Kiingereza pekee. Ukimpa mlango mdogo wa kuingilia, atakuuliza juu ya kazi yako, na pengine atamtaja mfasiri au mchapishaji anayemjua. Tafsiri ikiwa mbaya ni heri usiiweke. Mpe rafiki anayekijua Kiingereza vizuri aipitie.

Kisha andika wasifu wa maneno 50, kwa nafsi ya tatu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Waandaaji wataukata ukizidi, na hukata pasipostahili kukatwa. Taja unakotoka, unaandika nini, na kitu kimoja ulichokwisha kuchapisha au unachokiandika sasa. Tuzo ya insha ya shule ya msingi iache nyumbani.

Mwisho kabisa, jifunze kuijibu kwa sekunde thelathini "wewe unaandika nini?" Swali hilo utaulizwa kila siku, kwenye foleni ya chai, kwenye ngazi, ndani ya teksi. Jibu zuri huwa na sura hii: "Naitwa fulani, natoka Masindi. Ninaandika hadithi fupi kwa Kiswahili. Nina mkusanyiko wa hadithi 11, maneno elfu 38, kuhusu wavuvi na wachuuzi wa samaki wa Ziwa Albert. Nimemaliza kuuhariri, sasa natafuta mchapishaji." Mtu akisikia hivyo anajua la kuuliza. Akisikia "naandika mambo mbalimbali ya jamii", atatabasamu na kugeukia sambusa.

Safari na mfuko

Fika siku moja kabla. Anayetoka Arua anakata karibu kilomita 500. Akisafiri usiku ili aingie ukumbini asubuhi, warsha ya kwanza ataisinzia. Hata anayelala Entebbe, kilomita 40 hivi kutoka Kampala, asitegemee kufika kwa nusu saa: foleni ya asubuhi haina huruma. Tafuta malazi unapoweza kutembea kwa miguu hadi ukumbini, hata kama chumba ni duni kidogo. Wageni kutoka Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Kama una kitabu, beba nakala kumi hadi kumi na tano, zisizidi hapo. Weka bei inayolipika kwa noti, kwa mfano shilingi 20,000 za Uganda badala ya 18,500, kwa sababu chenji ndiyo inayoua mauzo ya mezani. Andika namba yako ya pesa za simu kwenye kadi kubwa pamoja na jina litakalotokea mnunuzi akilipa. Muulize anayesimamia meza ya vitabu kama anakata asilimia, na umwachie orodha iliyosainiwa yenye idadi ya nakala. Bila orodha, jioni ya mwisho kila mtu hukumbuka hesabu yake.

Ukifika

Siku ya kwanza fika nusu saa kabla. Usajili huwa shwari wakati huo, na watu muhimu kukutana nao, yaani waratibu na mafundi mitambo, bado wana muda wa kusalimiana. Jina kwenye beji liandikwe kubwa, na chini yake neno Kiswahili. Usicheke: hilo neno moja huwaleta watu kwako.

Salamu ndiyo mlango wa Uganda. Hata kama Kiluganda hukijui, "Oli otya ssebo" kwa mwanamume na "Oli otya nnyabo" kwa mwanamke hufungua uso wa mtu. Jua pia kwamba kwa baadhi ya wazee, hasa Buganda, Kiswahili kilisikika miaka mingi kama lugha ya askari na vitisho. Ukikutana na ubaridi huo usibishane. Salimia kwa adabu, mwite mzee au mama, na umsomee kitu kizuri. Shairi lililosomwa vema hujibu kuliko hoja kumi.

Usijaribu kuhudhuria kila kikao. Kaa na ratiba usiku wa kuamkia siku hiyo, uchague viwili vya lazima, vingine uviache wazi. Mazungumzo yenye faida mara nyingi hutokea chai ya saa nne na chakula cha mchana, na aliyechoka kwa vikao sita hana cha kusema. Kula na usiowajua. Watu wa mji mmoja wakifika pamoja hukaa meza moja siku zote tatu, kisha wakalalamika kwamba hawakujuana na mtu.

Wakati wa maswali, sema jina lako, uliza swali moja lenye mwisho, keti. Anayesema "nina maoni na maswali matatu" huchukiwa na ukumbi mzima, na mwenyekiti hamrudishii kipaza sauti tena. Kama jopo ni la Kiingereza na wewe Kiswahili ndicho kinachokutoka vizuri, uliza kwa Kiswahili polepole, mara nyingi yupo wa kufasiri. Ukitaka kurekodi au kupiga picha, omba ruhusa. Mwandishi anayesoma kazi ambayo haijachapishwa ana haki ya kukataa.

Zamu yako kwenye kipaza sauti

Hapa ndipo wengi huharibu, na karibu kila mara kosa ni la muda. Ukipewa dakika tano, andaa dakika nne. Kwa kasi inayosikika vizuri ukumbini, nathari ya Kiswahili husomwa kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo hadithi yako isizidi maneno 400. Ubeti wa mistari minne wenye mizani (silabi) kumi na sita kila mstari huchukua sekunde 20 hadi 25 ukisomwa. Ukighaniwa, mara mbili ya hapo au zaidi. Beti tano za kughani zinatosha kabisa. Jipime kwa saa ya simu, umesimama, kwa sauti kamili. Kusoma kimoyomoyo hudanganya kwa karibu nusu.

Nakala ya kusomea chapa kwa herufi za ukubwa wa 14 au 16, usiibane kwa pini, na kila ukurasa uishe kwenye nukta ili usigeuze karatasi katikati ya sentensi. Weka mkwaju (/) kwa kalamu nyekundu pale unapotaka kuvuta pumzi. Usisomee simu ukiweza: skrini huzimika, ujumbe huingia, na mwanga wake hukufanya uiname hivyo sauti yako ikaishia kifuani.

Kipaza sauti kikae umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, kimeelekezwa kidogo pembeni. Ukikielekeza mdomoni moja kwa moja, kila p na b italipuka kama mlango unaofungwa na upepo. Usikigongegonge kukijaribu, sema "habari za jioni" na usubiri kuitikiwa, utajua kama kinafanya kazi. Umeme ukikatika, usisimame ukingoja. Sogea hatua tatu mbele, punguza kasi, uendelee.

Usieleze hadithi kabla ya kuisoma, wala usiombe radhi kwamba una mafua au kwamba ni kazi changa. Taja jina la kazi, soma, sema ahsante, ushuke. Kama wasikilizaji wengi hawajui Kiswahili, sentensi moja ya Kiingereza kabla ya kuanza inatosha: ni nani, yuko wapi, anataka nini. Kisha wasomee kwa Kiswahili bila kufasiri kila mstari, kwa maana mapigo ya lugha nayo ni sehemu ya kazi.

Warsha

Kazi za wenzako husomwa kabla, mara mbili, huku ukiandika pembeni. Ukiombwa maoni, anza na ulichokielewa hadithi inasema, kwa sababu mwandishi anahitaji kujua kama imefika. Halafu taja mahali mahususi: "ukurasa wa 3, mama anapotoka jikoni, sikujua tena ni nani anayeongea." Maoni ya "ni nzuri sana, hongera" hayana kazi.

Zamu yako ikifika, funga mdomo uandike. Kujitetea ndilo kosa kubwa la warsha: kila dakika unayoeleza ulichokusudia, mtu mmoja anaacha kusema alichokiona. Wawili watatu wakilalamikia mahali palepale, pana tatizo hata kama dawa wanazopendekeza zinapingana. Mmoja peke yake akitaka ubadilishe mwisho, asante, weka kando. Usiirekebishe kazi usiku uleule. Na mkufunzi akikuambia Kiswahili chako "kina Uganda ndani yake", muulize akuonyeshe wapi. Kama ni upatanisho wa ngeli umeharibika, sahihisha. Kama ni mhusika wa Mbale anayeongea kama mtu wa Mbale, mtetee kwa moyo wote, sababu fasihi ya Kiswahili inaihitaji sauti hiyo.

Wahariri, wachapishaji na mikataba

Usimfuate mhariri chooni wala wakati anakula. Msubiri amalize, jitambulishe kwa zile sekunde thelathini, kisha uulize: "Je, mnapokea miswada ya Kiswahili kwa sasa, na mnapenda itumwe vipi?" Akitaka kuona kitu, mpe nakala moja ya ile kazi fupi uliyoiandaa. Muswada mzima usimtwike. Ana begi moja na safari ya kurudi. Akikupa kadi, andika nyuma yake papo hapo mlizungumza nini.

Wengine huficha kazi zao kwa kuogopa kuibiwa. Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006 inailinda kazi tangu inapoandikwa, bila kusajiliwa. Usajili URSB, ofisi ya serikali ya huduma za usajili, ni ushahidi wa ziada. Wazo tupu halilindwi, maneno yako ndiyo yanayolindwa. Kwa hiyo zungumza juu ya kazi zilizoandikwa, na mawazo ambayo hujayaandika yatunze. Anayekuuzia ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, kama kitu adimu muulize kwa nini. Nchini Uganda hutolewa na Maktaba ya Taifa.

Usisaini mkataba mezani, hata ukiambiwa nafasi inaisha leo. Soma nani analipia uchapishaji. Kama ni wewe, huyo ni mpiga chapa, na kazi yake ni halali, ila bei yake ilinganishe na wapiga chapa wengine na asidai haki zako. Kama ni yeye, tazama mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo, ni asilimia ngapi na ya bei ipi, ya rejareja au ya mapato halisi. Haki anazochukua ni za lugha na nchi zipi. Mkataba unadumu miaka mingapi. Na haki zinakurudia lini kitabu kikiisha dukani. Mkataba unaochukua "haki zote milele" urudishe.

Jambo moja lisemwe wazi, hasa kwa dada zetu wachanga katika kazi hii. Hakuna mhariri anayehitaji kusoma muswada chumbani hotelini usiku. Mkutano wa kazi hufanyika mapokezi au mkahawani, mchana, watu wakiwapo. Anayesisitiza vinginevyo, mwache, na umwambie mratibu.

Ukirudi nyumbani

Siku mbili za kwanza pitia daftari kabla mwandiko wako haujakushinda kusoma. Ndani ya wiki moja waandikie watu watano, wasizidi, kila mmoja na kitu chake: uliyemuahidi shairi mpelekee, aliyekutajia tuzo muulize masharti. Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, itatajwa hakika. Soma masharti yake mwenyewe badala ya kutegemea ya kuambiwa.

Mhariri aliyeomba kazi mwandikie barua pepe ya mistari sita: mlikutana wapi na lini, alisema nini, kazi gani, maneno mangapi, faili limeambatishwa, ahsante. Kichwa cha barua kiwe na jina la kazi na jina la kongamano. Faili lipe jina lenye jina lako la ukoo na jina la kazi; "muswada mpya wa mwisho 2" hupotea kwenye kompyuta yake. Usimfuatilie kwa WhatsApp. Miezi mitatu ikipita kimya, mkumbushe mara moja kwa sentensi mbili. Akikaa mwezi mwingine bila jibu, mwandikie kwamba unaipeleka kazi kwingine, kisha uipeleke siku hiyohiyo.